Siku moja maishani mwangu: vipande sita na barafu ya mtaani

Saa 10 na nusu alfajiri boda ananisubiri nje, hapa Tabata. Saa 12 kasoro nishafika Kunduchi, maji yamekupwa, ngalawa zimelalia ubavu kwenye mchanga. Kamera yangu haitumii mkanda, inatumia filamu ya kipande kimoja kimoja, inchi 4 kwa 5, unajifunika kitambaa cheusi unaangalia kioo cha nyuma na bahari iko juu mbingu iko chini, ndo hivyo hivyo unapanga picha. Nilipotoa kichwa nikakuta mzee mmoja wa samaki kasimama ananitazama. Shikamoo mzee. "Marahaba. Mpima, hii bomoabomoa mnaanza lini?" Nikamwambia napiga picha tu mzee wangu, wala hakuniamini.

Asubuhi nzima vipande 6, basi. Saa 3 nyumbani, chai, kausingizi.

Saa 9 alasiri umeme ukakatika. Giza kwangu sio tatizo, choo chetu ndo chumba changu cha giza na taa ya jirani huwa inapenya pembeni ya blanketi nililopigilia dirishani, kwa hiyo hapo nilishukuru. Shida barafu. Dawa ya kusafishia filamu, yaani ya kuitoa picha, inataka nyuzi 20, maji ya bomba hapa yanasoma 29, ukisafishia hayo hayo filamu inaiva haraka mno na ngozi yake inalainika, ukucha ukigusa tu imeisha. Duka la kwanza imeyeyuka, la pili hawauzi wanapozea soda zao, la tatu mama akanipa vifuko vinne akauliza sherehe iko wapi. Nikazungushia beseni, ikashuka mpaka 24 ikagoma. Basi badala ya dakika 11 nikapiga hesabu ya kama 8.

Saa 2 usiku nikaingia. Giza totoro kabisa, ile taa nyekundu ya kwenye muvi ni ya karatasi, filamu yangu hii FP4, ya picha nyeusi na nyeupe, inaona hadi nyekundu. Vidole ndo vinasoma, pembeni kuna vijipengo, vikikaa juu kulia ujue upande wa ile ngozi inayobeba picha unakutazama. Unalowesha vipande kwanza kwenye maji visigandane, unaingiza kwenye dawa, halafu ni toa cha chini weka juu, toa cha chini weka juu, jasho linaingia machoni na huwezi kufuta. Dakika nahesabiwa na simu, iko nje ya mlango imefunikwa kanga, inapiga sauti yangu mwenyewe nilojirekodi, "moja... mbili...". Ikasema "nne", ikaanza kuita.

Mteja. Ana lodge anataka picha za ukutani, toka asubuhi kashapiga mara tatu. Sauti imekatika, simu inaita mpaka inakata inaita tena, mimi nimebaki gizani na vipande sita mkononi sijui ni ya tano au ya sita, na mlango siwezi kufungua maana sebuleni kuna mshumaa. Nikaanza kuhesabu kwa mdomo. Mara mtoto anagonga, "Baba nimebanwa!" Nenda kwa jirani mwanangu. "Jirani kalala!" Hesabu ikapotea tena, nikakisia tu nikahamishia kwenye maji ya siki, kutoka hapo kwenye haipo (hypo), dawa ya kuifanya picha isiharibike na mwanga, ndo jina lake hilo, ipo lakini inaitwa haipo.

Nikawasha tochi. Vitano vizuri, tena ile mikoko imetoka hadi mizizi unaihesabu. Cha sita, kile cha ngalawa nilichokiamkia saa kumi, kina mkwaruzo wa ukucha kuanzia mlingoti mpaka pembeni.

Nikampigia mteja. Bosi, ndo nimemaliza kusafisha.

"Kusafisha? Kwani zilichafuka?"

Nikaeleza, akasikiliza vizuri tu, halafu akauliza sasa rangi naweka lini.

Suuza, maji ya mwisho na tone moja la sabuni ya vyombo, kamba sebuleni, vibanio vya nguo. Saa 5 na kitu umeme ukarudi na feni ikaanza kuzunguka, nilivyoruka kwenda kuizima nikapiga teke meza, vumbi likigandia filamu mbichi halitoki tena. Kwa hiyo feni hakuna mpaka asubuhi. Wife kakaa kitandani anajipepea na kifuniko cha ndoo, ananiangalia, hasemi kitu.