Wastaafu wa RED wamenivunja mbavu

Jana usiku nimeirudia RED, ile muvi ya 2010, safari hii nimekaa na mzee wangu sebuleni na jamani tumecheka mpaka mama akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Bruce Willis ni Frank Moses, jasusi mstaafu wa CIA, yuko kwake peke yake hana kazi, hundi ya pensheni ikija anaichana makusudi ili apate sababu ya kumpigia simu Sarah, yule dada wa ofisi ya pensheni, amwambie haijafika 😂 Mzee hapo akapiga kofi, "huyu anajua kutongoza!"

Halafu wauaji wanavamia usiku, yeye katulia tu, anamwaga risasi kwenye kikaango, anawasha jiko, anaondoka zake! Zinaanza kulipuka zenyewe, wale jamaa wanadhani kuna mtu anawajibu. Mi hiyo sini naipenda kuliko mabomu yote ya muvi nzima.

Na Malkovich anavyotembea amekumbatia lile doli la nguruwe la pinki, kumbe ndani kuna silaha, aisee. Ila malkia ni Helen Mirren, gauni jeupe la sherehe kashika bunduki kubwa anamwaga risasi uso mkavu, wala hahemi. Napenda kweli wazee wakipewa nafasi hivi, sio kila siku wao wa kukaa kitini kutoa ushauri tu.

Mzee kashaniambia leo tukimaliza kula niweke ya pili, ya 2013.