Utando mweupe wa sebuleni umetoka

Umetoka! Ule utando mweupe uliokaa juu ya tailizi za sebuleni, zile za porseleni rangi ya mkaa zisizong'aa, leo umetoka, sakafu imekauka na haujarudi. Mikono bado inanuka siki.

Wenye tailizi nyeusi mnaujua ugonjwa huu. Ukishadeki, sakafu ikiwa bado mbichi inapendeza ajabu. Ikikauka tu, utadhani mtu kamwaga unga wa muhogo akaufuta nusu, na nyayo za kila apitaye zinahesabika.

Fundi aliyezipiga alisema ni saruji nyeupe iliyobaki alipoziba mianya, na dawa yake ilikuwa fupi: "Dada, tia maji ya betri, sugua, kwisha kazi." Nilikataa, na nitakataa siku zote. Porseleni yenyewe ni ngumu, imechomwa kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi, asidi ile haiitishi sana. Lakini mianya ni saruji, na asidi inakula saruji. Nimeona bafu lililosafishwa hivyo: tailizi zinameta, mianya imebaki mashimo, maji yanapenya chini, na ukikanyaga unasikia zinagonga.

Kilichonisaidia ni kukumbuka kwamba porseleni hainywi maji kuzidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Basi utando hauko ndani, uko juu, na kilicho juu kinaweza kupimwa. Nikadondosha siki sehemu mbili. Kwenye mwanya, vipovu vidogo vikaanza kupanda papo hapo. Juu ya utando, kimya. Mabaki ya saruji yangetoa vipovu vilevile. Nikakwaruza kwa ukucha, kikatoka kitu cheupe chenye utelezi wa mafuta, kikaviringika kati ya vidole. Saruji haiviringiki.

Nikahamia kwenye maji. Huku Sahare, Tanga, tunadeki kwa maji ya kisima, ya bomba ni ya kupikia. Na Tanga ni nchi ya mawe ya chokaa: Amboni yametoboka yakawa mapango, Pongwe yanachimbwa kutengenezea saruji, na sisi wa pwani visima vyetu vinapita kwenye matumbawe, nayo ni chokaa vilevile. Nikachukua chupa mbili za nusu lita, moja maji ya kisima, nyingine maji ya mvua ya kwenye pipa. Kila moja nikaiparuzia sabuni ya mche kidogo, nikatikisa. Ya mvua ilijaa povu hadi shingoni, na povu likakaa. Ya kisima povu lilikufa pale pale, maji yakawa meupe, yakaanza kuelea mabonge madogo kama ya maziwa yaliyokatika. Nikayamimina juu ya tailizi ya akiba iliyokuwa bado kwenye boksi, nikaiacha juani. Ilipokauka, utando ule ule! Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni.

Yaani sabuni ya mche inashikana na chokaa ya kisima, inakuwa kitu kisichoyeyuka, maji yakikauka chenyewe kinabaki. Kila deki ilikuwa inaongeza tabaka.

Kuusafisha haikuwa kazi ya kutisha. Niliilowesha mianya kwanza kwa maji matupu ili ishibe isinywe siki. Kisha siki kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji ya moto, eneo dogo dogo, dakika chache, brashi ya nailoni. Halafu sabuni ya maji ya vyombo kidogo kuondoa mafuta, hii haigandi na chokaa. Suuza kwa maji ya mvua, futa kwa kitambaa kikavu kabla hayajakauka yenyewe. (Siki na Jik visikutane hata siku moja, inatoka hewa ya klorini inayochoma mapafu.)

Stiliwaya naipiga marufuku kabisa. Vipande vyake vinakwama kwenye mianya na kwa hewa hii ya bahari vinaota kutu upesi, unabaki na madoa ya kahawia. Dekio la kamba nalo silipendi, linahamisha uchafu kutoka pembe moja kwenda nyingine. Kitambaa cha mikrofaiba na mpira wa kusukumia maji vinanitosha.

Mama hajaridhika. "Mwanangu, sakafu isiyonukia sabuni mgeni atajuaje imedekiwa?" Tumeelewana: sabuni ya maji, kijiko kimoja kwa ndoo, mche ubaki wa nguo.

Nilipanga baada ya hapa niipake mianya dawa ya kuzuia maji, na kopo nimeshanunua. Linasubiri, kwa sababu sasa akili yote iko kwenye paa, nikinge maji ya mvua ya kudekia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Upande wa baraza una mita za mraba 20, kwa hiyo mvua ya milimita 10, hata nikipoteza kidogo njiani, inakaribia kujaza pipa la lita 200, na deki moja kwangu ni ndoo mbili. Vuli haiko mbali. Aliyewahi kufunga mfereji wa plastiki kwenye paa la bati aniambie vishikizo aliviweka umbali gani, maana upepo wa huku Sahare ukishika unang'oa.