Nesi kaonja maji yetu

Nimetoka kliniki huku Micheweni, Pemba, na wifi yangu, ana mimba ya miezi saba. Presha imepanda.

Nilidhani atapewa vidonge basi. Vidonge kapewa, lakini nesi kauliza: "Maji ya kunywa mwateka wapi?"

Kisimani, karibu na pwani. Siku hizi yana munyu.

Kaomba chupa ya wifi, kamimina tone kiganjani, kaonja. Uso ukamkunjika! Kwenye kadi, chini ya presha, kaandika: "kisima cha chumvi".

Anasema bahari ikipanda chumvi hupenya visimani, na Bangladesh utafiti umewahusisha wajawazito wanaokunywa maji hayo na presha. Kesho anakwenda mwenyewe kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa.

Nesi kwa sheha kudai maji! Nimempenda bure.

Jamani, visima vyenu vikoje?