Siku moja maishani mwangu: kumbukumbu ya profesa, Kasapa

Mimi ni katibu wa kamati. Idara yetu, katika kampasi ya Kasapa ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ikiandaa siku ya kumbukumbu ya mwalimu aliyefariki, ratiba, karatasi na vyombo vya sauti vinapita mikononi mwangu. Siku yenyewe ni ya mwezi wa kumi, mijakaranda ya Lubumbashi imechanua, mvua bado hazijashika. Saa naziandika kwa tarakimu, na kwenye mwaliko pia: mgeni wa Arusha akisoma "saa tatu" atafika asubuhi, na aliyezoea kuhesabu Kifaransa atafika alasiri.

05:30. Vinasa sauti viwili, kila kimoja na betri mpya na kadi ya GB 32. Nanasa kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, kHz 48, biti 24, njia moja. Saa moja inakula MB 520 hivi, kwa hiyo hata saa saba hazifiki GB 4. MP3 inatosha kwa kusikiliza, lakini sauti dhaifu ya mzee ikishabanwa hairudi tena. Kinasa kinatumia betri hata kama ukuta una umeme. Kikitegemea waya peke yake na umeme ukakatika katikati ya usemi, faili linabaki halijafungwa, na mara nyingi halifunguki.

07:00. Ukumbi wa viti 120. Safu ya mbele upande wa kushoto ni ya Mama mjane, watoto na wajomba, na karatasi yenye neno "Familia" inabandikwa mapema, maana wakubwa wa chuo wakishakaa hakuna atakayewaambia wasimame. Grupu (jenereta) la kVA 2.5 linatoa kilowati 2 tu. Projekta ni wati 300, vipaza sauti 500, kompyuta mbili 130: linabeba bila shida. Linalolizima ni birika la chai la wati 2,000 ambalo mtu analichomeka kimyakimya kwenye ralonji (waya wa kurefusha umeme) ya nyuma. Chai ichemshwe kwa makaa, nje. Grupu nalo liwe mita 30 kutoka madirishani, nyuma ya ukuta, la sivyo mngurumo wake utasikika chini ya kila neno lililonaswa.

Picha ya marehemu mara nyingi ni ya pasipoti, sentimita 3.5 kwa 4.5. Ukiiskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) na kuichapa kwa ukubwa wa A2, uso unageuka vigae. Iskani kwa dpi 1200: kwenye A2 itabaki na nukta 100 kwa inchi, na mtu aliyesimama mita mbili ataona macho.

08:15. Wasifu wa ukurasa mmoja unasomwa mara ya mwisho kabla ya kugawiwa, na hapa ndipo nasimama sana. Kosa la kwanza ni jina la chuo. Aliyesoma hapa mwaka 1968 alisoma Chuo Kikuu Rasmi. Wa mwaka 1975 alikuwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kampasi ya Lubumbashi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa jina hilo, ni cha tangu 1981. Ukimwandikia mtu shahada ya 1975 kwa jina la leo, mtafiti atakayeitafuta tasnifu yake ataikosa, kwa sababu jalada linasema lingine. Miji ni vilevile: hadi 1966 hapa paliitwa Elisabethville, na Likasi iliitwa Jadotville.

Kosa la pili ni jina la mtu. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yaliondolewa kwa amri, na wasomi wengi wana vitabu chini ya majina mawili. Mfano ulio wazi ni mwanafalsafa Mudimbe, mzaliwa wa Likasi wa mwaka 1941, aliyefundisha hapa Lubumbashi na kufariki Marekani mwezi wa nne 2025. Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka, na herufi V. Y. zikabaki zilezile. Yeye herufi zilimwokoa. Wengine katalogi imewagawa watu wawili. Kwa hiyo wasifu unaandika majina yote, na mwaka kila jina lilipotumika. Nayalinganisha na ukurasa wa kwanza wa tasnifu, kitambulisho, na kumbukumbu za familia. Zisipolingana, naandika kilichomo kwenye tasnifu na kumwambia mtoto mkubwa kabla hajakiona kimechapwa.

09:30. Wimbo wa taifa, dakika moja ya kimya, neno la familia, la dekani, na mwakilishi wa rekta mwisho, kwa sababu mkubwa hufunga hotuba. Kila mmoja dakika 5. Watapita.

10:15. Ushuhuda. Kwangu hii ndiyo kazi, mengine ni kuipamba. Wanakuja wanafunzi wa zamani na walimu wenzake, lakini namtafuta pia Mama daktilo aliyepiga tasnifu yake kwa mashine na dereva aliyempeleka vijijini kukusanya masimulizi. Karatasi ya ruhusa inatiwa sahihi kabla ya kusema, ikiwa na chaguo tatu: isikilizwe na familia tu, na wanafunzi wa idara, au na kila mtu. Baada ya kusema mtu amechoka, pengine analia, na sahihi ya wakati huo haina heshima.

Maikrofoni iwe kiganja kimoja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isipige. Kila ushuhuda unaanza kwa jina, kazi, mahali na tarehe. Msimamizi asiulize "Alikuwa mtu wa namna gani?" maana jibu ni "Alikuwa mtu mwema," na mlango umefungwa. Aulize: "Papa, mara ya kwanza mlionana wapi? Nani mwingine alikuwepo?" Mahali huvuta mwaka, mwaka huvuta majina.

Lugha: anayeanza kwa Kiswahili amalize kwa Kiswahili, hata kikichanganyika na Kifaransa na Kibemba, bila kusahihishwa. Kutafsiri sentensi kwa sentensi kunamkata mzungumzaji pumzi. Mfasiri aandike, kisha atoe muhtasari wa dakika 2 mwishoni. Nalishikilia hili kwa sababu mji huu ulishaandika historia yake kwa lugha yake: mwaka 1965 watumishi wa nyumbani wa zamani wa Elisabethville waliandika wenyewe, kwa Kiswahili cha hapa, walivyoujua mji. Chuo kikisikiliza Kifaransa peke yake, kinapoteza nusu ya mashahidi.

13:00. Chakula: bukari (ugali), sombe (kisamvu), samaki. Dakika 60, na kengele inapigwa dakika ya 50.

15:00. Mada ya mgeni aliye ng'ambo. Siku hii Lubumbashi na Brussels zina saa ileile, lakini baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba sisi tunatangulia kwa saa nzima. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja mwaka mzima. Kwa North Carolina, 15:00 yetu leo ni 09:00 yao. Simu ya video ya megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 450 kwa saa, lakini mtandao ukiyumba sauti ndiyo inayokatika, kwa hiyo mzungumzaji alishatuma mada yake ikiwa imerekodiwa siku mbili kabla. Tunaicheza kutoka kompyuta, naye anaingia moja kwa moja kwa maswali tu. Dakika 20 ni maneno 2,400. Anayeleta kurasa 15 namwonyesha kadi ya "dakika 5" mapema.

16:45. Familia imeleta makatoni mawili ya karatasi za marehemu. Kwanza hati: wanatoa au wanaazimisha? Mama mjane anatia sahihi, nakala moja inabaki kwake. Kisha hakuna anayepanga chochote. Mpangilio alioacha mwenyewe ni ushahidi. Barua iliyokuwa ndani ya daftari la 1974 ibaki mlemle. Pini na klipu zenye kutu zinatolewa polepole, na raba zilizokauka pia. Katoni haikai sakafuni: mbao za kuinua sentimita 15, mbali na ukuta, kwa kuogopa mchwa.

19:00. Mafaili yanapewa jina kwa tarehe, jina la shahidi na namba, mwaka ukitangulia ili yajipange. Nafungua kila moja na kusikiliza mwanzo, katikati na mwisho, maana faili linaweza kuonekana zima na kuwa kimya kuanzia dakika ya 12. Nakala tatu: diski ya maktaba ya idara, diski ya pili kwa mwenzetu aliye nje ya mji, na fleshi ya familia. Ya familia inapelekwa leo usiku huu, kabla ndugu waliotoka Kolwezi hawajapanda basi la asubuhi.