Ichiji ni saa saba: kupanga Kijapani kabla hujanunua vitabu

Mtu anatua Narita, uwanja wa ndege karibu na Tokyo, Japani, na lengo la "kujua Kijapani". Hilo si lengo, ni dua. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huwatengea wanadiplomasia wake saa 2,200 za darasani kwa lugha hii, yaani wiki 88. Wewe mwenye kazi ya zamu na saa moja ya kusoma usiku, hesabu hiyo ni miaka 6 bila kuruka hata siku. Basi usijiulize utakijua lini. Jiulize utabanwa wapi kwanza.

Tazama viza yako. Anayekuja kwa Tokutei Ginō, viza ya wafanyakazi wenye ujuzi iliyoanza Aprili 2019, kwa kawaida anatakiwa kuwa na N4 (ngazi ya pili kutoka chini kati ya tano za JLPT, mtihani wa kimataifa wa Kijapani; ya juu kabisa ni N1) au kupata alama 200 kati ya 250 katika JFT-Basic, mtihani mwingine wa Kijapani cha msingi, pamoja na mtihani wa fani yake. Wa kaigo, kazi ya kuhudumia wazee, anaongezewa mtihani wa Kijapani cha kazi hiyo. Anayepitia shule ya lugha akilenga ajira ya ofisini, mara nyingi ataulizwa N2. Mwenye ufadhili wa uzamili unaofundishwa kwa Kiingereza hadaiwi cheti, na huyo ndiye anayebaki nyuma kirahisi kuliko wote: maabara wanamwelewa, lakini zahanati, ofisi ya kata na mwenye nyumba hawamwelewi.

Kama unahitaji cheti cha JLPT, jua kinapima nini. Maswali yote ni ya kuchagua jibu. Hakuna kuongea, hakuna insha. N4 unafaulu kwa alama 90 kati ya 180, lakini ukipata chini ya 19 kati ya 60 kwenye kusikiliza umeanguka, hata jumla yako iwe nzuri namna gani. Hapo ndipo wanaosoma vitabu tu wanapoishia, maana sauti ya mtihani inapita mara moja na hairudiwi. Mtihani ni Julai na Desemba, na usajili hufungwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo anayeamka Novemba amechelewa.

Kando ya cheti, jiwekee lengo la miezi mitatu linaloshikika mkononi. Mfano mzuri ni fuzaihyō, ile karatasi inayoachwa kwenye sanduku la barua kifurushi kikifika nawe haupo. Ina namba ya kifurushi, namba ya simu na vipindi vya kuletewa tena, kama 午前中 (kabla ya adhuhuri) au 14〜16時. Lengo liandike hivi: "Naweza kumpigia dereva na kupanga siku na saa bila msaada." Lengo hilo linakuchagulia cha kusoma: tarakimu, siku za wiki, saa, jina lako na anwani yako. Vitu vitano tu, na vyote utavitumia tena kwa daktari.

Kwenye saa, Kiswahili kinatutega. Ichi ni moja na ichiji ni saa saba. Shichi ni saba na shichiji ni saa moja. Zimepishana kabisa, na juu ya hayo maneno yenyewe yanafanana masikioni. Ukipitisha saa kwa Kiswahili kichwani, utafika kazini saa sita kabla au saa sita baada. Dawa ni kuweka simu kwenye mfumo wa saa 24 na kuoanisha neno na tarakimu inayoonekana, si na jina la saa la nyumbani. Shichiji ni 7, basi.

Matamshi yashughulikie mwezi wa kwanza, kabla ulimi haujazoea vibaya. Irabu zetu tano zinafanana sana na zao, na hapo ndipo tunapobweteka. Kiswahili huvuta silabi ya pili kutoka mwisho. Kijapani hakivuti mpaka irabu yenyewe iwe ndefu. Obasan ni shangazi au mama wa makamo, obaasan ni bibi. Biru ni jengo, biiru ni bia. (Na hata ukilitamka sawasawa, usimwite mwanamke usiyemjua obasan kama unavyomwita mtu "mama" sokoni, wengi wanakasirika. Sema sumimasen, yaani samahani.)

Njia rahisi kwetu ni kuhesabu mizani kama washairi. Tōkyō ina mizani 4: to-o-kyo-o. Kitte, stempu, ina 3: ki-t-te, na hiyo ya katikati ni ukimya unaochukua zamu yake. Nihon ni ni-ho-n, mizani 3, na n ile haitusumbui kwa sababu tunasema n-chi na m-tu tangu utotoni. Piga kofi kila mizani. Kisha chukua sauti ya sekunde 30 yenye maandishi, isikilize mara tatu, isome pamoja nayo, halafu ifuate kwa mdomo ukiwa nyuma yake kidogo tu. Jirekodi, linganisha. Dakika 10 kwa siku zinatosha.

Hiragana na katakana, seti mbili za herufi za silabi, 46 za msingi kila moja, zipe wiki mbili na uachane na maandishi ya Kirumi. Si suala la ushamba: maandishi ya Kirumi kwenye vibao na pasi mara nyingi huficha irabu ndefu, na ukiyategemea unajifunza makosa. Katakana ndiyo itakayobeba jina lako, kwa hiyo amua tahajia moja siku ya kwanza. Tumaini anaweza kuandikwa トゥマイニ au ツマイニ. Benki ikiwa na moja na mwajiri akaandika nyingine, mshahara unaweza kugoma kuingia.

Kanji, herufi zenye asili ya Kichina, za matumizi ya kawaida kwenye orodha rasmi ya 2010 ni 2,136. Usizikariri moja moja na matamshi yake yote. Hii 生 ni sei katika 学生 (gakusei, mwanafunzi), ni nama katika 生ビール (bia ya bomba), ni shō katika 一生 (maisha yote), na bado hujafika kwenye vitenzi. Jifunze neno zima. Matamshi yatakuja na neno. Kwa mkono andika jina, anwani na tarehe tu, pamoja na mwaka wa kifalme: toa 2018 kwenye mwaka wa kawaida upate wa Reiwa, enzi ya mfalme wa sasa. Mengine chapa kwenye simu.

Kadi za Anki, programu ya kukariri inayokurudishia kila kadi kabla hujaisahau, ni bure kwenye Android na kompyuta, kwenye iPhone zinalipiwa. Programu inakuja imepangwa kadi mpya 20 kwa siku. Shusha hadi 8 au 10. Kadi 10 mpya kila siku huzaa, baada ya wiki kadhaa, marudio kama 70 hadi 100 kila asubuhi. Ukikosa siku nne za zamu ya usiku unakuta mlima, unaufunga, hurudi tena. Siku ngumu zima kadi mpya, fanya marudio peke yake.

Kitabu kimoja kinatosha. Irodori ya Japan Foundation, PDF na sauti zake bure, imejengwa juu ya maisha ya hapa, na NHK WORLD ina masomo yaliyoelezwa kwa Kiswahili. Sarufi haitakutisha sana: tabetakunakatta ni "sikutaka kula" katika neno moja, ila wao wanarundika nyuma tunachorundika mbele. Hata kuhesabu, hitori kwa mtu, ippon kwa chupa, ichimai kwa karatasi, mwenye ngeli kichwani haoni ajabu.

Kinachokosekana kwa wengi ni mtu wa kuongea naye. Uliza shiyakusho, ofisi ya mji, kuhusu madarasa ya Kijapani ya watu wa kujitolea. Mara nyingi ni bure au ada ndogo, mara moja kwa wiki. Usiende mikono mitupu. Mpelekee mwalimu karatasi halisi iliyokushinda wiki hiyo, fuzaihyō au ratiba ya takataka, umwombe aisome kwa sauti simu ikirekodi. Dakika mbili za sauti hiyo ndizo kadi zako za wiki inayofuata.