Haki ya kukataa posho ni ya mchungaji, si ya usharika

Niliwahi kukaa katika kikao cha wazee wa kanisa ambamo ununuzi wa vipaza sauti ulipitishwa kwa dakika chache, kisha ilipofika ajenda ya posho ya mchungaji, yeye mwenyewe akaombwa atupishe. Alitoka na Biblia yake mkononi. Kwa muda wa karibu saa nzima tulijadili kama kweli anahitaji kiasi kile, na kama mke wake hawezi kutafuta kazi. Aliporudi alikabidhiwa bahasha, akaipokea kwa mikono miwili na kutushukuru kwa moyo wetu wa upendo, nasi tukaitikia amina. Amina ile hunikereketa kooni hadi leo, kwa sababu bahasha haikuwa na zawadi yoyote: yalikuwa malimbikizo ya miezi mitatu.

Tulikuwa tumegeuza deni kuwa hisani. Paulo, katika sura ya 9 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, hatumii lugha ya huruma hata kidogo. Anamtaja askari asiyekwenda vitani kwa gharama zake, mkulima wa mizabibu na mchunga kundi, kisha anaichukua amri ya Torati inayokataza kumfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka, na katika mstari wa 14 anasema kwamba Bwana mwenyewe ameamuru waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili. Ng'ombe yule haachiwi ale kwa sababu amekonda. Anakula kwa sababu anapura.

Hapo ndipo huulizwa: mbona Paulo alishona mahema? Ni kweli alishona, Matendo 18:3 inasema hivyo, lakini wanaoutaja mstari huo (wengi wao wakiwa watu wanaopokea mshahara kila mwisho wa mwezi) huishia hapo hapo. Katika mstari wa 5, Sila na Timotheo wanafika kutoka Makedonia na Paulo anazama katika kulihubiri neno; na katika 2 Wakorintho 11:8-9 anawakumbusha Wakorintho kwamba ndugu waliotoka Makedonia ndio waliomtimizia mahitaji yake, hata akathubutu kusema kwamba aliyanyang'anya makanisa mengine ili awahudumie wao. Kwa hiyo Korintho ilihubiriwa bure kwa kuwa wengine waligharimia. Zaidi ya hayo, Paulo aliithibitisha haki yake kwanza, ndipo akaiacha kwa hiari. Mwenye uwezo wa kusamehe deni ni mdai. Mdaiwa anayejitangazia msamaha kabla mdai hajafungua kinywa ana jina lake, na si jina zuri.

Nehemia, liwali wa Yuda katika Agano la Kale, aliporudi Yerusalemu alikuta Walawi, watumishi wa hekalu, hawakupewa sehemu zao na wamekimbia, kila mtu shambani kwake. Hakuwauliza Walawi wito wao umekwenda wapi. Aligombana na viongozi. Siku hizi mchungaji hukimbia bila kuondoka: mahubiri anayaokoteza Jumamosi usiku baada ya vibarua vya wiki nzima, na mgonjwa anapata sala fupi ya mlangoni. Lakini ninalolihofia zaidi ni lile lisiloonekana. Pale usharika unaposhindwa kutoa, hujitokeza muumini mmoja mwenye uwezo anayelipa kodi ya nyumba ya mchungaji kutoka mfukoni mwake, na kuanzia siku hiyo kuna dhambi moja ambayo haitakemewa tena mimbarani. Matunzo yanayotoka kwa wote humwacha mchungaji huru kwa wote.

Wapo, naam, wanaowachuna kondoo, na Kanisa liliwajua mapema. Didake, maandiko ya Wakristo wa kwanza, yanamwita nabii wa uongo yule anayekaa siku tatu kwa mwenyeji wake au anayeomba fedha anapoondoka. Lakini maandiko hayo hayo yanaagiza nabii wa kweli apewe malimbuko, kwa kuwa anastahili chakula chake. Dawa ya ulaji si njaa. Nehemia aliweka watunza hazina waaminifu, na Paulo hakutaka kusafirisha mchango peke yake ili asilaumiwe. Basi kiasi kiandikwe kwenye bajeti, kijulikane, na hesabu zisomwe mbele ya waumini. Usharika usio na uwezo useme hivyo waziwazi, upatane na mchungaji siku zipi ni za kazi yake nyingine, na siku hizo asidaiwe ibada wala vikao.

Mwaka uliofuata niliomba posho iwe ajenda ya kwanza, na mchungaji abaki kitini. Ilipita kwa tofauti ya kura mbili. Rangi ya ukuta wa mbele ilisubiri hadi mwaka mwingine.