Kilo 200 za Winchi

Jimu yetu ya Ngamiani, Tanga, ilikuwa uani kwa mtu. Vifaa vyenyewe vilikuwa benchi la mbao, bomba la maji la inchi moja na nusu, sahani nne za chuma zilizoingia nchini na mitumba, na mawe ya saruji yaliyomiminwa kwenye beseni. Hapo ndipo kuli mmoja wa bandarini, tuliyezoea kumwita Winchi, alipowaambia vijana wa mtaa wa pili kwamba akilala kwenye benchi anasukuma kilo 200. Ubishi ukawaka. Jumamosi moja jioni muuza nafaka wa jirani akatuazima mizani yake ya magunia.

Winchi hakuwa mwongo. Hesabu yake aliifanya mbele ya watu wote: kila sahani imeandikwa 45, mara nne ni 180, ongeza chuma cha kushikia kilo 20, basi 200. Nani atabisha?

Mbishi alikuwa msasa. Rangi nyeusi iliyopakwa juu ya sahani ilipokwanguliwa, pembeni ya ile 45 zikajitokeza herufi LB, yaani ratili. Ratili 45 ni kilo 20.4. Sahani za Marekani nyingi huandikwa hivyo, na mpakaji rangi wa huku hufuata namba iliyochomoza zaidi, herufi akazifunika. Mizani ilisoma kati ya kilo 20 na 21 kwa kila moja.

Likaja suala la chuma. Kile cha mashindano ya wanaume cha kunyanyua vitu vizito kina kilo 20 kamili kwa sababu ni chuma kilichojaa, hakina uwazi ndani, na urefu wake ni mita 2.2. Bomba la inchi moja na nusu huingia vizuri kwenye tundu la sahani hizo, ndiyo maana kila jimu ya uani inalo, lakini ndani lina uwazi. Letu, la mita mbili, lilikuwa na kilo 7. Jumla: kilo 89 hivi.

“Mizani ya mpunga hiyo, kaka,” Winchi akasema. Tukapandisha mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa. Hamsini.

Hata hizo 89 zilikuwa na maneno. Katika mashindano, chuma hushushwa hadi kifuani, kinatulia, mwamuzi anatoa amri, ndipo kinasukumwa mpaka viwiko vinyooke, na makalio hayaruhusiwi kuinuka kwenye benchi. Winchi alikuwa akikirudisha juu kikiwa bado shubiri nzima kutoka kifuani. Sehemu inayokwamisha watu wengi iko sentimita chache juu ya kifua, hivyo anayegeuzia juu yake hakutani nayo kabisa. Halafu kuna yule anayesimama upande wa kichwa cha anayesukuma akipiga kelele “Yako hiyo, yako!” huku mikono yake miwili inavuta. Hakuna ajuaye amechukua kilo 5 au 25. Tulimwambia aweke viganja wazi chini ya bomba, asiliguse mpaka lianze kurudi chini.

Winchi alisukuma mara moja, safi, na kutulia kifuani. Mara ya pili bomba likakwama njiani. Kwa mtu wa kilo 70 asiyekuwa na kocha, hiyo ni nguvu ya kuheshimika, na mimi nilimpigia makofi. Mwaka 2021 Julius Maddox wa Marekani alisukuma kilo 355 bila fulana maalumu ya kusaidia, lakini huyo mwenyewe alikuwa na uzito wa karibu kilo 200.

Majina makubwa nayo hayajasalimika. Paul Anderson, bingwa wa Olimpiki wa 1956, alisemekana kuinua kilo 2,840 kwa mgongo mwaka 1957. Kitabu cha Guinness kiliichapisha rekodi hiyo, kisha kikaiondoa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Katika mnyanyuo huo mtu huinama chini ya meza iliyopakiwa mizigo na kuipandisha sentimita chache tu, miguu ikiwa karibu imenyooka. Ukiambiwa uzito, uliza pia umesafiri umbali gani.

Tulimalizia na mawe ya saruji, yote mawili yakiwa yameandikwa 25. Moja lilikuwa na kilo 24, jingine 21, ingawa beseni lilikuwa lile lile la lita 10. La kwanza lilikuwa na kokoto. La pili mchanga mtupu, na zege la kokoto huwa zito zaidi. Ndiyo maana bomba lilikuwa likilalia kulia na watu wakilaumu bega la kulia. Lile jepesi likafungiwa mnyororo wa kilo 3. Sahani zikapakwa rangi upya, 20 kila moja, ila Winchi akaomba moja ibaki na 45 yake, ile ya upande wa barabarani.